Amiri Aliyekataa Kuchagua Upande

Maandiko ya kusoma nyumbani kabla ya ushirika wa juma hili: Yoshua 5:13–15, Kumbukumbu la Torati 9:4–6, Amosi 9:7, Luka 4:24–30, 1 Petro 1:1 na 2:9.



Mtakumbuka yale matembezi yetu ya maombi ya mwezi wa kwanza. Tulitoka hapa Kaloleni saa kumi na mbili asubuhi, tukapita sokoni, tukafika stesheni ya zamani, tukarudi kwa barabara kuu ya Mombasa. Mimi ndiye niliyehubiri kabla hatujatoka, na andiko langu lilikuwa Yoshua 1:3, ile ahadi kwamba kila mahali nyayo za Israeli zitakapofika pamekwisha kuwa pao. Nilihubiri kwa nguvu. Nikasema Voi ni mji wetu, Mungu ametukabidhi, na wanaokaa humu nje ya agano wajitayarishe kupisha. Akina mama walipiga vigelegele. Vijana wakachukua kipaza sauti, na kufika sokoni maneno yalikuwa makali kuliko nilivyoyatoa madhabahuni. Jirani yetu mmoja mwenye duka, Mwislamu, ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa ametupa katoni mbili za maji bure, akaniuliza huku akicheka, "Sasa pasta, na mimi nifunge virago?" Nikacheka pia. Jibu sikuwa nalo.

Lakini aliyenikalisha chini hakuwa yeye. Alikuwa mama mmoja wa kanisa letu, mtu wa Kasigau, miaka yake imepita themanini. Alinisubiri mpaka watu wameisha kwenda chai, akaniambia, "Umehubiri vizuri, mwanangu. Sasa niambie, wale waliokuwa na hiyo nchi mwanzo walikwenda wapi?" Nikamjibu haraka haraka kwamba wale walikuwa wapagani waliomwasi Mungu. Akanitazama kidogo, akasema, "Hata sisi tuliitwa hivyo hivyo." Halafu akachukua kikoba chake akaenda zake.

Somo hili ni jibu ninalomdai yule mama. Limenichukua miezi kulitafuta, na sehemu yake kubwa nimeikuta hapa hapa kwetu Taita Taveta.

Baba yake alikuwa mtoto mdogo mwaka 1915. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefika mlangoni petu: Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta Agosti 1914, na vikosi vyao vilikuwa vikipenya porini kupitia upande wa Kasigau kuja kulipua reli ya Mombasa. Serikali ya Waingereza ikawashuku Wakasigau kwamba wanawasaidia adui. Vijiji vikachomwa, na watu wote wa mlima ule, wazee kwa watoto, wakahamishwa hadi Malindi. Watu wa milimani wakashushwa pwani kwenye joto na homa. Wengi walikufa huko. Waliobaki hawakuruhusiwa kurudi mpaka miaka ya 1930. Hebu pigeni hesabu. Mtoto aliyebebwa mgongoni alirudi akiwa mtu mzima, akakuta mlima upo lakini mashamba yamekuwa msitu.

Waliotoa amri ile hawakuwa watu wasiomjua Mungu. Walikwenda kanisani Jumapili. Kule Sagalla, mlima tunaouona kila siku tukiamka, mmishonari J. A. Wray alikuwa amefika tangu 1883, na Neno lilikuwa likihubiriwa katika milima hii zaidi ya miaka thelathini. Kwa hiyo swali la mama ni zito. Mtu anawezaje kusoma Biblia hii hii, akapiga magoti akasali, kisha akainuka na kuchoma kijiji cha watu?

Nimejaribu kuelewa walivyofikiri. Waingereza wa karne ya 19 walijitazama wakaona mambo makubwa. Walikuwa na meli nyingi kuliko taifa lolote, viwanda vyao viliongoza dunia, na walikuwa wamepiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807. Wahubiri wao wakasema mambo haya si bahati, Mungu amewainua kama alivyowainua Israeli. Wengine walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1840 mtu mmoja aitwaye John Wilson alichapisha kitabu cha kuonyesha kwamba Waingereza hasa ndio uzao wa yale makabila kumi ya Israeli yaliyopotea! Wengi waliwacheka watu wa mawazo hayo. Lakini hilo wazo la chini, kwamba taifa letu lina kazi maalum kutoka kwa Mungu na kwa hiyo njia zetu zimebarikiwa, hilo karibu hakuna aliyelicheka. Lilikaa kanisani kama kiti cha mbao, kila mtu anakikalia bila kukitazama.

Kwa sababu mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa, kuna jambo moja katika historia hii lilinifanya nifunge kitabu nikae kimya. Nchi hii ilianza kutawaliwa na kampuni. Kampuni ya Imperial British East Africa ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888, ikiwa na wenye hisa na hesabu zake kama kampuni yoyote. Mkuu wake, William Mackinnon, alikuwa tajiri wa meli na pia mtu wa dini. Kufikia 1891 fedha zilikuwa zinaisha na kampuni ikaamua kuondoka Uganda. Ndipo marafiki wa misheni ya CMS walipokutana London, Askofu Alfred Tucker akasimama akawaeleza hatari iliyowakabili Wakristo wa Buganda, na katika mkutano ule watu wakaahidi maelfu ya pauni ili kampuni isiondoke. Tusiwahukumu kwa wepesi. Hofu yao ilikuwa ya kweli, kwa maana vijana waumini wa Buganda walikuwa wameuawa kwa ajili ya imani kati ya 1885 na 1887, na huenda mimi na wewe tungetoa pia. Lakini angalia fedha zilikoelekea. Sadaka iligeuka kuwa mtaji. Kampuni ilibaki, 1894 Uganda ikatangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, 1895 ikafuata nchi yetu, na 1896 reli ikaanza kutandazwa kutoka Mombasa. Reli hiyo ndiyo iliyouzaa mji wa Voi. Mtu aliyeweka shilingi yake kapuni London akiomba Injili isonge mbele hakujua kwamba analipia pia bunduki. Au pengine alijua, akaona ni gharama ya kawaida ya kazi ya Bwana.

Turudi kwenye vita. Nani alikuwa ng'ambo ya pili, kule Taveta? Wajerumani, ambao nao walikuwa na makanisa na tenzi zao. Askari wa jeshi la Prussia kule Ulaya alivaa mkanda ambao bizimu yake ya chuma iliandikwa maneno yenye maana ya "Mungu pamoja nasi". Wapendwa, hilo ni jina la Emanueli! Jina la mtoto wa Bethlehemu limegongwa kwenye chuma cha kufungia suruali ya askari. Na makanisa ya Uingereza nayo yalikuwa na siku zao za kitaifa za maombi ya ushindi. Wote wawili walikuwa wakibisha mlango mmoja.

Halafu wakaja wa tatu. Ukisafiri kutoka Voi kwenda Taveta, ukishapita Maktau na Mbuyuni, kabla hujaingia Taveta utaona kilima cha Salaita, kidogo tu, hakina majivuno. Tarehe 12 Februari 1916 kikosi kipya kutoka Afrika Kusini kilipelekwa kukiteka. Wengi wao walikuwa wageni kabisa wa nchi hii, wakidharau waziwazi askari weusi na askari Wahindi. Na miongoni mwao walikuwamo Makaburu.

Kuhusu Makaburu naomba nikae kidogo, manake hao ndio waliolichukua wazo la taifa teule wakalifikisha mwisho wake. Tarehe 16 Desemba 1838, kwenye mto Ncome huko Natal, Makaburu kama 470 hivi walipigana na jeshi la Wazulu la maelfu mengi. Siku chache kabla yake walikuwa wameweka nadhiri kwamba Mungu akiwapa ushindi, wao na watoto wao wataiadhimisha siku hiyo kama sabato, na watamjengea nyumba. Kufikia jioni Wazulu kama 3,000 walikuwa wamekufa. Kanisa likajengwa kweli, mjini Pietermaritzburg. Tangu hapo, polepole, kizazi baada ya kizazi, wakaanza kuisoma safari yao ndani ya kitabu cha Kutoka. Waingereza wa Cape walikuwa Farao. Magari yao ya maksai yakawa safari ya jangwani. Waafrika wenye nchi wakawa Wakanaani. Na Mkanaani hana hati miliki.

Kisha mwaka 1899 taifa teule moja likapigana na taifa teule lingine. Waingereza waliwafungia wanawake na watoto wa Kikaburu kambini, na zaidi ya 20,000 walikufa humo, pamoja na maelfu ya Waafrika waliofungiwa kambi zao ambao kwa miaka mingi hakuna aliyetaka kuwahesabu. Jenerali Jan Smuts, aliyepigana na Waingereza katika vita hiyo, ndiye huyo huyo aliyeshuka Mombasa Februari 1916 kuja kuwaongozea Waingereza vita ya hapa kwetu.

Pale Salaita mambo yaliwageuka. Askari Waafrika wa upande wa Mjerumani waliwashambulia wale wageni kwa visu vya bunduki hadi wakakimbia, na waliouawa na kujeruhiwa walipita mia moja. Waliosimama imara wakawafunika wasimalizwe walikuwa askari wa Kibaluchi kutoka India, wengi wao Waislamu. Inasimuliwa kwamba baadaye Wabaluchi waliwarudishia bunduki walizoziacha vichakani wakikimbia, na ujumbe wa heshima wa kuwaomba wasiwaite tena kwa lile jina la kuwadharau. Naipenda hadithi hiyo. Inanikumbusha Msamaria, na inanikumbusha katoni mbili za maji.

Hapa Voi tuna makaburi ya vita hiyo. Wengi wetu tunayapita tu. Yamepangwa vizuri, nyasi zimekatwa, majina yapo, wakiwemo vijana wa kutoka Afrika Kusini. Lakini wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi hayo, Waafrika wenzetu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka karibu kila wilaya, waliokufa kwa hesabu rasmi ya upande wa Uingereza walikuwa zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi husema hesabu ya kweli ni kubwa zaidi sana. Hao makaburi yao hutayaona. Jina lao limebaki Nairobi na Dar es Salaam, mitaa ya Kariokor na Kariakoo, ambako watu wananunua nyama choma na vitenge bila kujua wamesimama juu ya nini.

Sasa mtu ataniambia, pasta, hayo ni ya wazungu. Ngoja kidogo.

Kuna uwanda mmoja wa juu nchini kwetu unaoitwa Uasin Gishu. Desemba 1902 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alisafiri kwa reli kutoka Mombasa, kwa hiyo alipita Voi hii. Akaona nyanda za juu, akaziona tupu. Mwaka uliofuata serikali yake iliwaahidi Wayahudi waliokuwa wakiuawa huko Urusi kwamba wanaweza kupewa nchi katika uwanda huo. Shida ya Wayahudi wale ilikuwa ya kweli na ya kutisha, wala wao hawakuwa wameiomba nchi yetu, na mwaka 1905 mkutano wao ukaikataa. Mwaka 1908 likaja kundi la Makaburu chini ya Jansen van Rensburg. Wao pia walishuka Mombasa, wakapita Voi kwa treni hadi Nakuru, wakafunga maksai magarini na kupanda Uasin Gishu kama kizazi cha Yoshua. Na Wanandi, ambao kiongozi wao Koitalel arap Samoei alikuwa ameuawa Oktoba 1905, walikuwa wamesukumwa pembeni. Uhuru ulipokuja tukadhani hadithi imeisha. Lakini uwanda ule ule, tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, akina mama na watoto wengi. Kanisa hilo lilikuwa la Kipentekoste kama letu. Waliochoma hawakuwa wazungu. Walikuwa Wakenya, na walikuwa wameambiwa kwa miaka mingi na wanasiasa wao kwamba nchi hii ni yetu sisi, wale wengine ni wa kuja. Katika machafuko yale yote watu zaidi ya 1,100 walikufa.

Na sisi tuliojazwa Roho, je? Nilitamani niandike kwamba Upentekoste ulitukinga. Moto wa Azusa Street mwaka 1906 uliwashwa chini ya William Seymour, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, na weupe na weusi walipiga magoti pamoja jambo ambalo Marekani ya siku zile haikulizoea. Mwaka 1908 moto huo ulifika Johannesburg, na mikutano ya kwanza ya kanisa lililoitwa Apostolic Faith Mission ilikuwa ya mchanganyiko. Haukupita muda wakaanza kutenganishwa: ubatizo mbalimbali, halafu makanisa mbalimbali. Iliwachukua mpaka 1996 kuungana tena. Mchungaji wao Frank Chikane, aliyepinga ubaguzi, ameeleza mwenyewe kwamba alipoteswa kizuizini miaka ya 1970, aliyesimamia mateso yale alikuwa shemasi wa upande wa wazungu wa kanisa lake mwenyewe. Shemasi! Kunena kwa lugha hakukumwambia chochote, kwa sababu jambo hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa moyoni kabla hajafungua kinywa.

Basi turudi kwa Yoshua, manake huko ndiko nilikokosea.

Nilihubiri sura ya kwanza nikaishia hapo. Sikufika ya tano. Katika sura ya tano Yoshua yuko karibu na Yeriko, vita haijaanza, anainua macho anaona mtu amesimama na upanga uchi mkononi. Anauliza swali ambalo kila jemadari huuliza: wewe uko kwetu au kwa adui zetu? Wapendwa, huyu ni Yoshua. Ana ahadi, ana sanduku la agano, ana Israeli halisi, si Israeli wa kujitungia. Kama kuna mtu katika historia nzima ambaye angestahili kuambiwa "niko upande wako", ni huyu. Na jibu ni La. Amiri wa jeshi la BWANA anasema La, nimekuja kama Amiri. Hakuja kujiunga. Yoshua ndiye anayeanguka kifudifudi na kuuliza anaamriwa nini.

Na amri ya kwanza ni ipi? Vua viatu. Ile miguu aliyoahidiwa katika sura ya kwanza kwamba itakapokanyaga patakuwa pake, miguu hiyo hiyo inaambiwa ivue viatu, kwa sababu mahali pale pana Mwenyewe tayari. Mimi niliwatoa vijana sokoni na viatu miguuni.

Sijasema Mungu hakuwachagua Israeli. Aliwachagua, Neno liko wazi. (Na kwa wale watakaoniuliza juu ya Mashariki ya Kati ya leo, hilo si somo la ukurasa huu, tuombe tu amani kwa ajili ya wote wanaoishi huko.) Ninachosema ni kwamba Biblia inawaeleza masharti ya kuchaguliwa, na masharti hayo Waingereza, Makaburu na mimi tuliyaruka. Katika Kumbukumbu la Torati 9 wanaonywa karibu mara tatu mfululizo wasije wakasema moyoni kwamba wamepewa nchi kwa sababu ya haki yao. Walawi 18 inawaambia kwamba nchi iliyowatapika wa kwanza itawatapika na wao wakitenda vivyo hivyo, na iliwatapika kweli, Ashuru na baadaye Babeli. Walawi 25:23 inasema ardhi ni ya Mungu na wao ni wageni tu wanaokaa kwake. Na Amosi anawashangaza kabisa: anawaambia kwamba machoni pa Mungu wao ni kama Wakushi, yaani watu weusi wa kusini mwa Misri, na kwamba yule aliyewatoa Misri ndiye pia aliyewatoa Wafilisti kwao na Washami kwao. Adui zako nao wana kitabu chao cha Kutoka, na mwandishi ni yule yule.

Nikieleza kwa lugha ya mtaani: mnamjua wakala wa M-Pesa. Anapewa floti, fedha nyingi zinapita mikononi mwake kutwa nzima, kibanda kina rangi ya kampuni, yeye mwenyewe amevaa fulana. Lakini floti si mshahara wake. Siku atakapoanza kuila kwa sababu amechaguliwa kuwa wakala, ndiyo siku atafungiwa. Ibrahimu aliitwa ili jamaa zote za dunia zibarikiwe kupitia kwake, Mwanzo 12:3. Hiyo ni floti. Kila himaya ninayoijua ilianza pale wakala alipotazama droo akasema, hizi ni zangu. Mfano wangu una mapungufu, najua, mwenye duka mmoja amekwisha kuniambia kwamba wakala hulipwa kamisheni. Sawa. Lakini hata kamisheni huihesabu kampuni, haijikatii mtu mwenyewe.

Yesu alilisema jambo hili nyumbani kwao Nazareti, Luka 4. Walimsifu vizuri mpaka alipowakumbusha kwamba njaa ilipokuwa Israeli, Eliya alitumwa kwa mjane wa Sarepta, na kwamba mwenye ukoma aliyetakaswa alikuwa Naamani Mshami. Hapo hapo sifa zikageuka, wakamtoa nje ya mji wamtupe chini ya ukingo wa kilima. Wanakijiji wenzake! Hakuna mahubiri yaliyomkaribisha na kifo haraka namna ile mwanzoni mwa huduma yake, na hakuwa amewatukana. Aliwaambia tu kwamba Mungu ana watu ng'ambo.

Tena kuna neno ambalo tunalipenda sana kanisani, lile la taifa teule katika 1 Petro 2:9. Tunaliimba, tunalichapisha kwenye fulana. Sasa rudini nyuma sura moja mkaone Petro anamwandikia nani. Anawaandikia wageni, watu waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia. Kwa Kiswahili cha hapa Voi, anawaandikia wa kuja. Watu wasio na shamba la babu mahali wanapokaa, wasio na diwani wa kabila lao. Hao ndio anawaita taifa. Kwa hiyo mtu akitumia andiko hilo kumwambia jirani yake arudi kwao, amelishika kichwa chini miguu juu.

Nimeandika haya kwa sababu uchaguzi wa 2027 unakuja, na nimeanza kuyasikia. Nimesikia kwamba Kenya ni taifa teule la Afrika ambalo kila nchi jirani itainama mbele yake. Nimesikia kwamba jamii fulani imepakwa mafuta kutawala na nyingine kutumikia. Nimesikia katika ushirika wetu wa nyumbani, sio kwa jirani, kwamba watu wa bara wamejaa Voi mno na "Bwana atawaondoa". Ndugu yangu aliyesema hivyo ana uchungu wa kweli, na sitaki kumnyamazisha kwa andiko. Mbuga ya Tsavo iliyotangazwa 1948 ilichukua sehemu kubwa ya ardhi ya kaunti hii, mashamba ya mkonge yakachukua nyingine, na familia ngapi humu kanisani ni maskwota juu ya udongo wa babu zao? Wazee wa Taita Hills Association walilidai jambo hilo, na serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku chama chao mwaka 1940. Madai yale ni ya haki na yana mahali pa kupelekwa: Tume ya Ardhi, mahakama, bunge la kaunti, na sisi tulio na elimu kidogo ya makaratasi tuwasaidie wazee kuyaandika. Kudai shamba lako ni haki. Kusema Mungu amemlaani anayekaa plotini jirani kwa sababu ya kabila lake ni kitu kingine kabisa, na tofauti hiyo wale wa 1915 hawakuiona.

Nilikwenda kwa mwenye duka nikamwomba radhi. Aliniambia alikwisha kusahau, ingawa sidhani. Kwa mama nilikwenda na mke wangu, tukakaa jikoni, nikamsomea Yoshua 5 kwa sauti kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri. Nilipofika pale pa kuvua viatu akanisimamisha, akaniambia nirudie. Halafu akanisimulia mambo ya Malindi ambayo hajawahi kuyasimulia kanisani, na hayo nitamwachia mwenyewe.

Matembezi yajayo ya maombi yatakuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Safari hii tutaanzia kwenye makaburi ya vita, kisha tutafuata reli ya zamani ya Taveta mwendo mfupi tuwaombee wapagazi wasio na makaburi, halafu tutapita sokoni kimya, bila kipaza sauti, kila mmoja akiombea duka na nyumba anayoipita, ya nani awe. Vijana watakaokuja na vipaza sauti wataviacha kwa mlinzi. Mama amekubali kutuombea pale makaburini kwa Kitaita, tena akiwa amekaa, kwa hiyo mtu wa Dorkasi akumbuke kiti. Ameuliza pia kama kutakuwa na chai.